Kukesha nje kusubiri taa za kaskazini: maswali kuhusu baridi na vidole vyako

Swali: Hizo taa zenyewe zina madhara kwa macho au ngozi?

Hapana, angalia mpaka uridhike. Taa za kaskazini ni ule mwanga wa rangi unaoonekana angani usiku huko karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Zinawaka kuanzia kama kilomita 100 juu, chembe zinazotoka kwenye jua zikigonga hewa ya huko, na ile kijani ni ya oksijeni. Kinachoumiza ni baridi ya hapo chini ulipo, iwe Tromsø kule Norwe, Abisko kule Uswidi au Fairbanks kule Alaska, Marekani.

Swali: Mbona nimevaa koti zito na bado natetemeka?

Kwa sababu umesimama tu. Anayetembea misuli yake inampa joto, wewe uko nyuma ya tripodi, ile stendi ya kamera ya miguu mitatu, masaa mawili na theluji inakunyonya joto kupitia soli za viatu. Ndani vaa sufu, sio pamba, maana pamba ikishalowa jasho haikusaidii tena, na kiatu kisibane kabisa, soksi mbili kwenye kiatu kinachobana zinazuia damu kufika vidoleni. Halafu upepo jamani, nyuzi 20 chini ya sifuri ukiongeza upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inahisi kama nyuzi 33 chini ya sifuri, hapo uso ulio wazi unaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa au hata dakika kumi.

Swali: Nitabonyezaje kamera na glavu?

Hapa ndo wengi wanaumia. Mtu anavua glavu "sekunde tu" arekebishe kitu, betri inakata, anatafuta nyingine mfukoni, anashika mguu wa tripodi wa chuma kwa mkono mtupu, mara dakika tano zimeisha. Seti kila kitu ukiwa ndani, mfano ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga) 1600 na sekunde 8 za kupokea mwanga, betri za akiba weka mfuko wa ndani karibu na kifua, vaa glavu nyembamba na juu yake ile nene inayofunika vidole vyote pamoja, ukitaka kubonyeza vua hiyo nene peke yake.

Swali: Nitajuaje kidole kinaganda?

Kinauma, kinachoma, halafu maumivu yanapotea na mtu anafurahi eti kimezoea. Hakijazoea, ni ganzi, hapo ingia ndani. Ngozi inapauka, inakuwa ngumu kama nta. Pua na masikio yako huyaoni, kwahiyo mwenzako akukague, na akukague kwa taa nyeupe, maana ile taa nyekundu tunayotumia kulinda macho gizani inaficha kabisa huo weupe.

Swali: Kikishaganda nifanye nini?

Vua pete. Usisugue, usipake theluji, usisogeze kwenye moto, kidole chenye ganzi kinaungua bila wewe kujua. Kama hutatoka tena nje, kiloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, kitauma sana kikirudi, hiyo ni kawaida. Malengelenge usipasue, na yakitokea au ganzi ikibaki, nenda hospitali usiku huohuo.

Swali: Pombe kidogo si inapasha mwili?

Inakudanganya. Inatanua mishipa ya damu karibu na ngozi, unasikia joto huku mwili unalipoteza. Na mwenzako akianza kuongea kilevi hali hajanywa, anajikwaa, au ameacha kutetemeka na bado ana baridi, acheni picha, mwingizeni ndani, mvueni nguo zilizolowa mmfunike blanketi na mpige simu ya dharura.