Je, wajua kwa nini mpango mkakati huandikwa kuanzia mwisho?

Mwezi wa Mei, wanakijiji wanakutana chini ya mwembe. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji nchini Uganda, anafungua daftari na kuandika yanayotajwa: kisima cha pampu, kalavati kwenye njia ya sokoni, darasa moja la shule ya msingi, mbegu za mahindi. Karatasi inapelekwa gombolola, ngazi ya utawala iliyo kati ya parishi na wilaya. Julai mwaka mpya wa fedha unaanza, kisima hakimo, na watu wanasema wametupwa. Mara nyingi hakuna aliyewatupa. Karatasi ilifika wakati bajeti imeshafungwa.

Kuchelewa huko hakutokani na uzembe. Kunatokana na imani iliyoenea kuanzia vijijini hadi kwenye ofisi za mashirika makubwa, kwamba mpango ni orodha ya mahitaji: andika unachotaka, weka bei pembeni, kisha utafute wa kulipa. Orodha ikishindikana, lawama inaangukia fedha. "Mpango wetu ulikuwa mzuri, pesa ndiyo haikuja." Sentensi hiyo inasemwa kwa moyo safi, lakini inaficha jambo. Zipo pampu nyingi ambazo fedha zilikuja, shimo likachimbwa, utepe ukakatwa, na miaka mitatu baadaye mpini umekaa kimya, mbuzi wanalala kwenye sakafu ya saruji, na akina mama wamerudi bwawani. Pesa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mpango.

Orodha haiwezi kuonyesha tofauti kati ya kazi iliyofanyika na hali iliyobadilika. "Kisima kimoja kimechimbwa" ni kazi iliyofanyika. Unaweza kuipiga picha siku hiyohiyo. "Kaya 60 zinapata maji safi kila siku, na pampu ikiharibika inatengenezwa ndani ya siku tatu" ni hali iliyobadilika, na picha ya siku moja haitoshi kuithibitisha. Orodha huishia kwenye la kwanza. Mpango mkakati huanzia kwenye la pili, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi leo.

Serikali yenyewe hupanga hivyo. Dira ya Uganda ya 2040, iliyozinduliwa Aprili 2013, iliweka mwisho kwanza: pato la kila mtu lifike dola 9,500 kwa mwaka, kutoka dola 506 za mwaka 2010. Miaka 30 ikagawanywa katika mipango sita ya miaka mitano mitano chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mipango. Wa kwanza ulianza 2010, na wa nne umeanza Julai 2025.

Kurudi nyuma si elimu ngeni. Nyumba inayongoja wageni saa saba mchana hupanga kwa njia hiyo bila kuiita mkakati. Saa saba chakula kiwe mezani. Basi matoke yawe yameiva kabla ya hapo, na ili yaive vizuri yafunikwe kwa majani ya migomba juu ya maji yanayochemka kwa saa mbili au zaidi. Basi yamenywe asubuhi na mapema. Basi kuni na majani viwepo alfajiri, na mkungu ununuliwe jana. Kila "basi" inatokana na swali moja: ili hili liwezekane, ni nini lazima kiwe tayari kabla yake? Anayeanzia upande wa pili, kwa kuuliza "leo tufanye nini?", anaweza kufanya kazi kutwa nzima na wageni wakakuta sufuria ndiyo kwanza inawekwa motoni.

Sasa liweke swali hilo kwenye pampu. Kaya 60 zenye watu watano watano ni watu 300, idadi ambayo huko vijijini hukadiriwa kuwa yatosha kisima kimoja cha pampu ya mkono. Kila mtu akitumia lita 20 kwa siku, hizo ni jerikeni 300. Jerikeni moja huhitaji mapigo 60 hivi ya mpini. Kwa hiyo mpini unashuka na kupanda mara 18,000 kati ya alfajiri na jioni, na kesho tena. Chini shimoni, vikombe vya mpira vinavyobana maji ndani ya silinda vinasuguana kila pigo. Vitaisha, hilo halina ubishi, kwa hiyo mpango unaosema "tutatengeneza ikiharibika" haujasema kitu.

Rudi nyuma basi. Ili pampu itengenezwe ndani ya siku tatu, fundi wa pampu wa gombolola ajulikane kwa jina na simu, na vipuri viwe karibu. Ili fundi aje, pesa iwe mkononi siku hiyo, isianze kuchangishwa siku hiyo. Shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi ni 60,000, sawa na 720,000 kwa mwaka. Ili pesa hiyo ikusanyike, iwepo kamati ya maji yenye mtunza hazina, daftari na risiti. Na ili watu wakubali kuchangia, makubaliano yafanywe kabla ya mashine ya kuchimba kufika. Hapa ndipo vijiji vingi hukosea. Maji yakishatoka bure kwa miezi sita, ni vigumu mno kumwambia jirani aanze kulipa. Ataona ananyang'anywa haki. Nyuma zaidi kuna karatasi ya mwenye ardhi. Akitoa neno la mdomo tu, akifa au akiuza shamba, warithi wanaweza kufunga njia.

Ukifika hapo unaona kwamba uchimbaji, ambao kwenye orodha ulikuwa mpango mzima, ni pete moja katikati ya mnyororo wenye pete saba au nane.

Kuna jambo la ajabu kidogo katika historia ya elimu hii. Wengi waliohudhuria semina wanaijua kanuni ya SMART inayopima kama lengo limeandikwa vizuri. Siku hizi herufi A hufundishwa kuwa "linafikika" (achievable). George Doran alipoichapisha mwaka 1981 nchini Marekani, A ilikuwa na maana nyingine: lengo likabidhiwe mtu (assignable). Nani atalifanya? Maana hiyo ya kwanza ndiyo inayohitajika zaidi kwenye vikao vyetu. Lengo la "Jamii itatunza kisima" linaonekana linafikika, lakini halina mwenyewe. Weka jina mbele ya kila "basi", na lile lisilopata jina ndilo litakalokatika.

Mnyororo huu pia una vitu visivyo mikononi mwa mtu. Jedwali la mantiki, chombo cha kupangia miradi kilichobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani USAID, kilitenga safu nzima kwa mambo hayo: tunayoyategemea bila kuyatawala. Kwenye kisima, maji ya ardhini yanaweza kuwa na tindikali, na hapo mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa na kutu mapema, maji yakageuka mekundu na watu wakayaacha hata kama kamati ni nzuri. Dawa yake ni kupima maji kabla ya kuchagua bomba. Kuhusu ushahidi wa jumla, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti 31, ulikuta mashirika yanayopanga kimkakati hufanya vizuri zaidi kwa kiasi cha wastani. Hayo ni mashirika. Kuhamishia matokeo yake moja kwa moja kwenye kijiji chenye kamati ya watu saba kunahitaji uangalifu.

Sasa ile karatasi ya Mei. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2015, Bunge lipitishe bajeti kufikia Mei 31, makadirio yafike bungeni kufikia Aprili 1, na mwongozo wa awali wa bajeti ufike kufikia Desemba 31. Wilaya, ili zichangie mwongozo huo, hufanya makongamano ya bajeti Oktoba au Novemba. Kabla ya hapo gombolola imekwisha kuchambua mapendekezo ya parishi, na parishi, ngazi iliyo juu ya kijiji, yale ya vijiji. Basi kikao cha chini ya mwembe ni Agosti, takribani miezi kumi na moja kabla ya Julai inayolengwa. Na kikao hicho kitoke na karatasi tatu: sahihi ya mwenye ardhi, majina ya kamati ya maji, na orodha ya kaya 60, mbele ya kila moja pakiwa na shilingi 1,000 za mwezi wa kwanza.