Kampuni changa na ukuaji unaonunuliwa

Si kila biashara mpya huitwa kampuni changa. Fundi seremala aliyefungua karakana leo ana biashara mpya, lakini akitaka kuhudumia wateja maradufu itabidi aongeze mafundi, zana na nafasi. Gharama hupanda sambamba na mapato. Wawekezaji wanaposema kampuni changa, wana maana ya kampuni iliyoundwa ili mapato yaziache gharama nyuma. Programu ya kompyuta ikishaandikwa, mteja wa 10,000 haongezi gharama kubwa kuliko wa 100. Ndiyo sababu kampuni changa nyingi ziko kwenye teknolojia, ingawa si lazima.

Lakini programu huandikwa kabla haijauzwa, na walioiandika wanataka mshahara. Benki hukopesha mwenye dhamana na rekodi ya mauzo. Kampuni changa haina hivyo viwili. Waanzilishi basi huuza hisa kwa awamu, na fedha hizo ndizo zinazoibeba kampuni wakati wa hasara. Kwa mfanyabiashara wa kawaida, kula mtaji ni aibu. Hapa ni mpango kamili, na una hesabu yake: mwenye dola 600,000 anayepungukiwa na dola 50,000 kila mwezi ana miezi 12 ya kuishi, basi.

Hesabu inayofichwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mteja mmoja. Tuseme kampuni inatumia dola 30 za matangazo na punguzo la bei kumpata mteja, naye anaiachia dola 2 kwa mwezi baada ya gharama za kumhudumia. Itamchukua miezi 15 kurudisha fedha iliyomleta. Akibaki miaka mitatu, ni faida nzuri. Akiondoka mwezi wa kumi, kila mteja mpya anaongeza hasara, na kadiri kampuni inavyokua ndivyo inavyozama. Kwenye chati ya idadi ya wateja hutaona tofauti yoyote kati ya kampuni hizo mbili. Zote zinapanda vizuri tu.

Kwa nini mwekezaji avumilie hasara ya miaka mingi? Jibu kubwa liko kwenye riba. Dola 100 utakayolipwa baada ya miaka 10 ina thamani ya karibu dola 61 leo, ikiwa ungeweza kupata asilimia 5 kwa mwaka kwingine bila wasiwasi. Riba ikiwa karibu na sifuri, ahadi hiyohiyo ina thamani ya karibu dola 100 nzima. Benki kuu ya Marekani ilishusha riba karibu na sifuri mwishoni mwa 2008, kisha tena Machi 2020. Fedha zikatafuta pa kwenda, na kampuni zenye faida ya mbali zikapendwa sana. Uber, kampuni ya usafiri wa kuitwa kwa simu iliyoanzishwa 2009, ilifikisha mwaka wake wa kwanza wa faida ya uendeshaji (faida ya shughuli zake kabla ya riba na kodi) mnamo 2023.

Kuanzia Machi 2022 riba hiyo ikapandishwa haraka, hadi kufikia kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 45.6 mwaka 2021. Mwaka uliofuata, bilioni 6.7. Wateja wake hawakutoweka. Kilichobadilika zaidi ni bei ambayo wawekezaji walikuwa tayari kulipia faida ya kesho.

Walio nje ya Marekani hupigwa mara mbili. Riba ya Marekani ikipanda, dola huelekea kuimarika. Kampuni inayopokea malipo kwa sarafu ya nchi yake huku ikilipia seva, yaani kompyuta za kukodi zinazoendesha huduma yake, kwa dola huona gharama zikipanda hata kama haijaongeza mteja hata mmoja, na wakati huohuo wawekezaji wamefunga mikoba.

Ipo njia nyingine, ambayo huzungumzwa kidogo kwa sababu haina awamu za kutangaza: kukua kwa fedha za wateja wenyewe. Mailchimp, kampuni ya Marekani ya programu ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianza 2001 na haikuuza hisa kwa wawekezaji wa nje. Ilikua polepole kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Intuit, kampuni ya programu za uhasibu, ilikubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 12, na waanzilishi hawakuwa na mwekezaji wa kugawana naye.