Jimbo la Barambah, Queensland: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukimtajia Barambah mtu anayefuatilia siasa za Australia, atakujibu kwa jina moja: Joh Bjelke-Petersen, mkulima wa karanga wa mji wa Kingaroy, Waziri Kiongozi (mkuu wa serikali) wa Queensland, mojawapo ya majimbo makubwa yanayounda Australia, kuanzia 1968 hadi 1987. Jina hilo limefunika mengi kuhusu jimbo lake la uchaguzi.

Linalorudiwa zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyebuni mipaka iliyoipa kura ya shamba uzito kuliko ya mjini. Si kweli, na inaudhi kuona kosa hili likiendelea kusambaa. Mpango huo uliletwa mwaka 1949 na serikali ya chama cha Labor chini ya Ned Hanlon. Viti vya Bunge viliongezwa kutoka 62 hadi 75, Queensland ikagawanywa kanda nne, na magharibi, kwenye watu wachache, kiti kimoja kikahitaji wapigakura wachache mno kuliko cha Brisbane. Barambah lenyewe lilizaliwa na mchoro huo, kwa uchaguzi wa 1950. Labor ilipopasuka na kuanguka mwaka 1957, wapinzani wake, chama cha Bjelke-Petersen kikiwemo, waliurithi mpango ule ule, kisha wakaunoa. Tazama mwaka 1972: Labor ilipata karibu asilimia 47 ya kura na viti 33, chama cha Bjelke-Petersen kikapata asilimia 20 na viti 26. Kwa kuungana na chama cha Liberal, kilichokuwa na viti 21, akabaki madarakani.

Wala hakuanzia Barambah. Aliingia bungeni mwaka 1947 kupitia jimbo la uchaguzi la Nanango.

Wapo pia wanaodhani watu wa Barambah walikuwa mali ya chama chake. Alipoondoka, uchaguzi mdogo wa 1988 ulichukuliwa na Trevor Perrett wa chama kidogo cha Citizens Electoral Council, ingawa baadaye alihamia National, chama cha Bjelke-Petersen. Mwaka 1998 naye akaangushwa na Dorothy Pratt wa chama cha One Nation. Jimbo likafutwa mwaka 2001, Kingaroy ikawekwa Nanango.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba wenyeji wote walipiga kura tangu mwanzo. Karibu na Murgon yapo makazi ya Waaborijini ya Cherbourg, ambayo zamani yaliitwa Barambah. Queensland ndiyo iliyochelewa kuliko majimbo makubwa yote ya Australia kuwapa Waaborijini kura: sheria ilipita mwaka 1965. Kufikia hapo jimbo la uchaguzi lenye jina la makazi yao lilikuwa limeshapiga kura katika chaguzi kuu sita.