Porini Hakuna Hodi: Dhana Potofu Kuhusu Adabu za Wawindaji wa Kulungu Michigan

Kule Michigan, jimbo la kaskazini mwa Marekani, Novemba 15 ni kama sikukuu. Tarehe haibadiliki: iangukie Jumapili au Jumatano, msimu wa bunduki wa kulungu hufunguliwa siku hiyo na kufungwa Novemba 30. Shule kadhaa za kaskazini hufunga, fundi wa bomba hapokei simu, na vituo vya mafuta hujaa watu waliovaa rangi ya chungwa inayoumiza macho. Wengi hawana shamba la kuwindia, kwa hiyo wanakwenda ardhi ya umma: misitu ya jimbo, ambayo ni karibu ekari milioni nne, au misitu ya taifa kama Huron-Manistee, yenye karibu ekari milioni moja. Katikati yao tupo na sisi wachache tunaoongea Kiswahili. Grand Rapids na Lansing zina Wakongo wengi, na nyama ya Novemba ikishafika jikoni haiulizwi pasipoti.

Mnyama mwenyewe Kiswahili hakijampa jina lake. Kulungu wa kwetu ni wa ukoo wa ng'ombe na mbuzi, pembe zake hazidondoki. Huyu wa Marekani hudondosha pembe kila mwaka, kisha huota nyingine. Wapo wanaomwita swala, wapo wanaomwita paa. Mimi nasema kulungu mkia-mweupe, maisha yanaendelea.

Sheria za uwindaji unaweza kuzisoma. Jimbo huzichapisha kila mwaka, na aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1960 hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya usalama ndipo anunue leseni ya kawaida. Adabu ndizo hazimo kitabuni, na hapo ndipo dhana potofu zinapozaliwa. Nyingine nilikuwa nazo mwenyewe.

"Ukimwona mwindaji mwenzako, nenda ukamsalimie"

Sisi tumelelewa hivyo. Ukimpita mtu kimya, habari itatangulia kufika nyumbani. Msimu wangu wa kwanza niliingia msituni saa kumi na mbili alfajiri, giza totoro, tochi kichwani, theluji ikilia chini ya buti. Mbele yangu, kama hatua themanini, mwanga mwekundu ukawaka juu ya mti, ukazimika, ukawaka tena. Nikafurahi: kumbe kuna mtu! Nikaenda hadi chini ya mti wake nikamtakia asubuhi njema kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alikuwa mzee mwenye barafu kwenye ndevu. Alinitazama, akainua kidole kimoja cha glavu, basi. Nikaona ana kiburi.

Saa nne tulikutana kwenye maegesho. Hakunigombeza. Alimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akanipa, ndipo akanieleza. Ule mwanga ulikuwa salamu tayari, nao ulisema: nipo hapa, geuka. Jibu lake ni kugeuka. Mimi nilikuwa nimepita upande upepo unakotoka, nikaacha harufu yangu yote kwenye kijia alichokuwa akikilinda tangu saa kumi na moja, na kulungu huamini pua yake kuliko macho. Asubuhi yake niliimaliza kwa maneno mawili.

Basi ukweli ni kwamba salamu zipo, ila mahali pake ni maegeshoni. Humo ndani, kabla hakujapambazuka, mwenye heshima ni yule anayeondoka bila kusema neno. Kukishapambazuka mambo yanabadilika kidogo: ukimwona mtu anakujia naye hajakuona, mafunzo ya usalama yanakataza kumpungia mkono au kupiga mluzi, maana kitu kinachotikisika vichakani ndicho anachokitafuta. Sema naye kwa sauti ya kawaida. Hakuna kulungu anayeongea.

"Hapa ni pangu, nimewinda hapa miaka ishirini"

Hii ni ya wenyeji zaidi, ingawa nasi tukikaa misimu mitatu tunaanza kuisema. Ardhi ya umma haina urithi. Baba yako aliwinda chini ya mwaloni ule, sawa, lakini leo ni wa aliyewahi leo. Ukikuta mtu amekaa unapopapenda, unatafuta pengine, ndiyo maana mwindaji mzoefu huja na mahali pa pili na pa tatu mfukoni. Wengine hudhani wakimwaga mahindi au viazi sukari wameweka uzio. Kumwaga chambo hakukupi haki yoyote, na katika rasi ya kusini ya Michigan kulipigwa marufuku mwaka 2019, kwa sababu kulungu wakila pamoja, mdomo kwa mdomo, wanaambukizana ugonjwa wa kukonda usio na tiba, uliogunduliwa kwa kulungu wa porini karibu na Lansing mwaka 2015.

"Dungu tupu kwenye ardhi ya umma ni la kila mtu"

Neno dungu linatosha kabisa hapa. Kwetu ni jukwaa la kulindia mpunga, huku ni kiti cha chuma kinachofungwa kwenye mti kwa mikanda. Dhana hii ina ukweli nusu, na huo nusu ndio unaoponza watu.

Michigan inataka dungu la ardhi ya umma liwe la kubebeka, lisipigiliwe misumari wala skrubu mtini, na liwe na jina na anwani ya mwenyewe, au namba yake ya leseni, yasomeke kutoka chini. Hapo hapo kanuni zinasema jina hilo halikupi haki ya kulitumia peke yako. Minnesota nako, mtu akijenga dungu la kudumu kwenye ardhi ya umma, si lake tena. Kwa hiyo kisheria anayesema "ni la wote" ana pa kushikia.

Lakini uliza wanaokwenda porini kila mwaka kama wanapanda dungu la mtu wasiyemjua. Kwanza, hujui mikanda ile imenyeshewa kwa misimu mingapi. Kuanguka kutoka mita tano ni kuvunjika mgongo. Pili, mwenyewe anaweza kutokea gizani akiwa na bunduki na amechoka. Novemba 2004, katika jimbo jirani la Wisconsin, mtu alikutwa juu ya dungu la wenyewe kwenye ardhi binafsi. Maneno yakawa makali, na yaliisha kwa wawindaji sita kuuawa na wawili kujeruhiwa. Aliyefyatua risasi alikuwa Mhmong, mtu wa jamii ya wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na wawindaji wengine wa jamii yake, ambao hawakuwapo wala hawakumjua, wakabebeshwa mzigo ule. Nakitaja kisa hicho kwa sababu sisi wageni makosa yetu hayabaki ya mmoja.

Mimi nikikuta dungu la mtu, nasogea mbali hadi nisilione kabisa. Mwenzangu wa kutoka Kigoma huniambia naogopa sana. "Kaka, imeandikwa ni la umma." Najua imeandikwa.

"Mita mia moja zinatosha"

Watu hupenda wapewe namba. Ipo ya nyumba: Michigan bunduki haitumiki ndani ya yadi 150 za jengo linalokaliwa bila ruhusa ya mwenyewe. Baina ya mwindaji na mwindaji, kipimo kinachotumika zaidi ni jicho na sikio. Kwenye misonobari minene mita mia mbili zinaweza kutosha. Kwenye uwanda ambao miti imekatwa, mia nne ni kidogo, kwa kuwa risasi ya raifo inakwenda kilomita kadhaa isipokutana na kitu. La kujiuliza si "niko umbali gani?" bali "nikipiga kuelekea kule, nyuma ya kulungu kuna nini?" Na ukishajua jirani yuko upande fulani, upande huo umefungwa kwako, hata apite dume mwenye pembe za ncha kumi.

"Rangi ya chungwa inamtisha mnyama"

Hapana. Macho ya kulungu hayana chembe za kupokea wekundu, kwa hiyo chungwa kwake ni kitu kilichofifia. Bluu ndiyo anaiona vizuri zaidi, kwa hiyo hiyo jinzi yako ndiyo ya kutilia shaka. Siku za Novemba 15 hadi 30 hata mwenye upinde huvaa chungwa.

"Aliyeanza kumkimbiza ndiye mwenye nyama"

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1805 mahakama ya juu ya New York iliamua kesi ambayo wanafunzi wa sheria Marekani wanaisoma mpaka leo. Bwana Post alikuwa anamkimbiza mbweha kwa mbwa zake kwenye ardhi isiyo na mwenyewe. Bwana Pierson akajitokeza, akamuua, akambeba. Pierson alishinda. Kukimbiza tu hakutoshi, walisema majaji: umpe jeraha la kufa au umnase.

Mila za porini zimefuata njia hiyo hiyo. Kulungu ni wa aliyepiga risasi ya kwanza ya kuua. Akikupita amejeruhiwa ukammaliza, usikimbilie kumfunga lebo yako ya leseni, ile inayosema mnyama ni wako. Subiri, mara nyingi utamwona mtu anakuja ameinama, macho kwenye matone ya damu. Asubuhi yako imeharibika, ndiyo. Shuka umsaidie kuburuta. Hapa wapo watakaobisha kwamba kama jeraha lilikuwa la mguu tu, mnyama ni wa aliyemwangusha, na nadhani wana hoja. Ila sijaona mtu akijuta kwa kuachia. Kumbuka tu kwamba damu haivuki mpaka: kulungu wako akiingia ardhi ya mtu binafsi, omba ruhusa kwanza. Michigan inamruhusu mtu kuingia kwa miguu kumfuata mbwa wake wa kuwindia, si kumfuata kulungu.

"Msimu wa kulungu, msitu ni wetu"

Utakutana na mama anatembeza mbwa, kijana wa baiskeli, mkata magogo. Wote wana haki sawa na wewe. Wewe umelipia zaidi kidogo, kwa kuwa kila bunduki ndefu na kila risasi hubeba ushuru wa asilimia 11 ambao, kwa sheria ya 1937, hurudi kwenye uhifadhi, lakini risiti haikupi kipaumbele. Ndiyo maana pia matumbo ya kulungu hayaachwi njiani wala maegeshoni. Yavute vichakani, mbali na mapito.

"Kuuliza ni kujionyesha mgeni"

Hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiacha. Nilikuwa nafika, naona magari mawili, nainamisha kichwa na kuingia kimya ili nisionekane sijui. Siku moja nilimkuta yule mzee wa kahawa anafunga buti. Nikamuuliza anakwenda upande gani. Akavua glavu, akachora kwa kidole kwenye umande ulioganda juu ya boneti ya gari lake: kijito, barabara ya magogo, alama yake upande wa magharibi. Kisha akaniachia nafasi nami nichore yangu.