Uchumi wa kushirikiana, na hasara inayobaki kwa mwenye chombo

Mtu ana gari linalolala uani mchana kutwa. Mwingine ana chumba kitupu mtaa wa Milimani, Kisumu. Wakivikodisha kwa watu wasiowajua kupitia programu ya simu, nayo programu ikakata kamisheni yake, huo ndio uchumi wa kushirikiana. Kampuni haimiliki gari wala kitanda. Airbnb, iliyoanzia San Francisco mwaka 2008, huleta mgeni na kupokea malipo, ila shuka ni za mwenye nyumba. Uber na Bolt za teksi nazo ni hivyo hivyo.

Jina lenyewe lina utamu unaopotosha kidogo. Kwetu kushirikiana ni kuazimwa jembe na jirani, halafu naye aje kuazima kwako toroli. Hapa watu wanakodishana, basi. Na magharibi mwa Kenya walilijua jambo hili kabla ya simu: baiskeli za Busia zenye mto kwenye keria zilivusha watu na mizigo mpakani, kutoka boda hadi boda, na ndiko lilikotoka jina bodaboda.

Ugonjwa wa kuambukiza huipiga biashara hii palepale inapopata riziki: wageni wasiojuana kugusa kiti kimoja, kuvaa helmeti moja, kulalia godoro moja. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na wiki mbili baadaye ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Dereva wa teksi anajua maana yake: wanaotoka baa na wanaoshuka mabasi ya usiku wote wametoweka. Juni 2021 kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa, Kisumu ikiwemo, zilirudishiwa kafyu ya saa moja jioni wakati kwingine nchini ilianza saa nne usiku.

Hasara ikaangukia nani? Mwaka 2020 Airbnb iliwarudishia wageni walioghairi safari pesa zao zote, wenye nyumba wakafoka. Kampuni ikatenga dola milioni 250 za kuwafuta machozi, yaani robo tu ya kile ambacho kila mmoja angelipwa kwa masharti yake ya mgeni anayeghairi. Mwezi Mei mwaka huohuo ikawaachisha kazi watu karibu 1,900, robo ya wafanyakazi wake. Hao angalau walikuwa na ajira ya kuachishwa. Aliyenunua gari kwa mkopo hafutwi na mtu. Simu yake inanyamaza tu, na mwisho wa mwezi sacco inataka marejesho.

Ponapona kubwa ilikuwa kubadili mzigo. Katika robo ya pili ya 2020 thamani ya safari za Uber duniani ilishuka kwa asilimia 75, lakini ile ya kupeleka chakula ikazidi maradufu. Pikipiki haihitaji makao makuu kuamua hivyo: anayekosa abiria soko la Kibuye, Kisumu, atabeba unga, sukuma wiki au dawa za mtu asiyetaka kutoka nyumbani. Kuanzia Machi 2020 kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure, kwa hiyo hata noti hawakulazimika kupokezana.

Chumba hakibebeki. Utaratibu mpya wa usafi wa Airbnb ulitaka kikae saa 24 kati ya mgeni na mgeni, na siku hiyo haikulipiwa na yeyote. Wakati huo wa korona mwenye nyumba mwenye hesabu anaacha wageni wa usiku mmoja na kutafuta mpangaji wa miezi mitatu, tuseme muuguzi aliyehamishiwa mjini. Anampata kwa rafiki wa rafiki, kwenye kundi la WhatsApp. Dereva naye anapigiwa moja kwa moja na wateja watano sita wanaomwamini, wanaojua kwamba anavaa barakoa na kufungua madirisha. Hapo kamisheni haikatwi na mtu, kwa sababu programu ilikuwa inauza kitu kimoja tu, kukukutanisha na usiyemjua, na usiyemjua ndiye kila mtu aliyekuwa akimkwepa.