Mauzo Yamepanda: Ni Bango au Ni Ramadhani?

Mwenye tanuri mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuja kwenye dawati letu la ushauri wa biashara na daftari la mauzo kwapani. Alikuwa ametundika bango jipya na kuanza kurusha picha za mikate kwenye makundi ya WhatsApp. Wiki tatu baadaye mauzo yakawa yamepanda. Akataka nimpigie hesabu: mabango mengine manne yatamwingizia kiasi gani? Nikafunua kurasa za nyuma. Bango lilitundikwa mwishoni mwa Shaaban, Ramadhani ikibisha hodi.

"Ramadhani naijua, mwalimu," akacheka. "Lakini na bango nalo limo."

Huenda limo. Kwa kiasi gani? Hapo daftari likanyamaza, maana lenyewe linajua kilichotokea, halijui ambacho kingetokea bango lisingekuwepo. Kosa hili la kulinganisha kabla na baada nimelikuta hata kwa mameneja wenye shahada mbili. Wanapunguza bei au wanabadili mkuu wa tawi, kisha kila kinachofuata wanakihesabu kuwa matunda ya uamuzi wao.

Dawa yake ilitoka shambani. Miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwanatakwimu Ronald Fisher alikuwa akishughulikia jambo ambalo mkulima yeyote wa Muheza analijua: udongo haufanani, hata ndani ya shamba moja. Ukimwaga mbolea upande wenye rutuba, utaisifu mbolea kwa kazi ya udongo. Fisher akasisitiza kwamba vipande vya shamba vipigiwe kura, kipi kipate mbolea na kipi kisipate. Kura haina mjomba. Rutuba, unyevu na mchwa huangukia pande zote mbili bila upendeleo, na tofauti itakayobaki, ikizidi ile inayoweza kuletwa na bahati tu, ni ya mbolea.

Kampuni nazo zimeichukua kura hiyo. Mwaka 2010 kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, ilitaka kujua kama wahudumu wake wa simu wa Shanghai wangezembea wakifanyia kazi nyumbani. Waliojitolea wakagawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: shufwa nyumbani, witiri ofisini. Kwa miezi tisa, wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, na walioacha kazi wakapungua kwa nusu. Ila upweke uliwasumbua, na waliporuhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu wakahama walikokuwa. eBay, soko la mtandaoni, nao walijaribu kuzima matangazo yaliyokuwa yakijitokeza mtu akitafuta jina lao mtandaoni. Karibu wateja wote wakafika vilevile. Fedha zilikuwa zikilipia watu ambao tayari wako njiani, kama bango la mikate saa moja kabla ya futari.

Kwa rafiki yangu wa tanuri, bango lilikuwa jambo dogo. Lililomkereketa ni vijana wake 12 wa baiskeli: awalipe posho ya siku au kamisheni kwa kila mkate? Tukaandika majina kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya kofia, sita wakaangukia kamisheni. Wiki ya kwanza wale sita waliuza karibu mara mbili ya wenzao, na mimi nikaanza kufurahi mapema. Kumbe wa posho walikuwa wanawapa wa kamisheni mikate yao wawauzie, jioni wanagawana kwenye kijiwe cha kahawa. Hapo kosa lilikuwa langu. Vipande vya shamba havizungumzi. Watu wanazungumza, na wana haki ya kuuliza kwa nini fulani apate nami nisipate.

Tukaanza upya. Safari hii kura ikapigiwa wiki, si watu: kila Jumapili jioni wote 12 wanaona kikaratasi kikitolewa, na wiki hiyo wote wanalipwa namna moja. Tukakubaliana pia kwamba ambaye kamisheni yake haifiki posho ataongezewa, kwa kuwa si halali kujaribia riziki ya mtu. Zaidi ya mauzo, tukawa tunahesabu mikate inayorudi na mitaa iliyopitiwa.

Daftari safari hii likasema. Wiki za kamisheni vijana walirundikana stendi na sokoni, wakaitupa mitaa ya mbali ambako wateja wa kila siku walikuwa wakisubiri. Wiki nane ni chache, nilimwambia hivyo bila kumficha, na duka lenye mabaiskeli mia lingeweza kupata jibu tofauti.

Kitu nilichomsisitizia zaidi ya kura ni kuandika mapema kitakachomfanya abadili nia. Watafiti wa Italia waliwahi kuzigawa kwa kura kampuni changa 116: zote zikapewa mafunzo ya biashara, ila kundi moja likafundishwa kuyapima mawazo yake kama mwanasayansi anavyopima dhana. Kundi hilo ndilo lililopata mapato zaidi, na ndilo lililokuwa jepesi zaidi kugeukia wazo jingine. Basi kabla ya kikaratasi cha kwanza, mwenye tanuri aliandika juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu: kamisheni isipozidisha mikate hamsini kwa wiki, tunarudi kwenye posho.

Haikuzidisha. Wamerudi kwenye posho, na bango wamelishusha, lisubiri nalo kupigiwa kura yake.