Je, Wajua? Mtoto wa Mthai Aliyezaliwa Ng'ambo Haombi Uraia, Anauthibitisha

Mtu aliyezaliwa Nairobi, Zürich au Los Angeles na mama Mthai huupataje uraia wa Thailand? Wengi, wakiwemo wazazi wenyewe, hujibu kwamba anapeleka maombi ubalozini, anasubiri, na serikali ya Bangkok ikiridhika humpa. Wengine huongeza kwamba akifikisha miaka 20 hana budi kuchagua uraia mmoja na kuuacha wa pili. Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza ndilo linalostahili kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu ukishalielewa, sehemu kubwa ya mambo mengine katika suala hili inaeleweka bila shida.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1965, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Kifungu chake cha 7 kinaeleza kwamba mtu aliyezaliwa na baba au mama mwenye uraia wa Thailand, awe amezaliwa ndani au nje ya nchi, anapata uraia huo kwa kuzaliwa. Kifungu hicho hakidai maombi wala idhini ya waziri. Ushahidi mzuri zaidi umo katika kifungu cha 5, ambacho wasomaji wengi hukiruka: uraia wa tajnisi, yaani ule anaoomba na kupewa mgeni, pamoja na ule anaopewa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mthai, huanza kuwa na nguvu pale tu unapotangazwa katika Gazeti la Serikali. Uraia wa kuzaliwa haumo katika orodha hiyo. Hautangazwi kwa kuwa hakuna anayeutoa. Mtoto anakuwa nao tangu anapozaliwa, hata kama mkunga aliyempokea hajui Thailand iko upande gani wa dunia.

Watu wa pwani wanaelewa vizuri jambo la namna hii kutokana na mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama nyuma ya mawingu, umeandama. Anayekuja kutoa habari redioni hauumbi, anaeleza tu kwamba ushahidi umepatikana. Hata hivyo, kabla ya tangazo hilo hakuna anayeswali Idi, na hapo ndipo mfano huu unapotusaidia kwa upande wake wa pili. Mtoto aliyezaliwa na Mthai ni Mthai kabla ya karatasi yoyote kuandikwa, lakini bila karatasi hawezi kupata pasipoti, kupiga kura wala kununua ardhi, haki ambayo kwa kawaida wageni hawanayo nchini humo. Ofisa wa ubalozi anayetoa cheti cha kuzaliwa anafanya kazi ya shahidi wa mwezi: anapima ushahidi, na akiridhika anauandika.

Kutokana na hilo, sheria haiweki umri wa mwisho wa kujiandikisha, hivyo mtu mzima wa miaka 40 ambaye wazazi wake hawakumwandikisha utotoni bado anaweza kufanya hivyo. Tena, kwa kuwa alikuwa Mthai tangu kuzaliwa, watoto wake nao wamezaliwa na mzazi Mthai, na kifungu cha 7 hakiweki kikomo cha vizazi. Ugumu unaobaki ni wa ushahidi, na ugumu huo huongezeka kadiri miaka inavyopita na hati za bibi na babu zinavyopotea.

Sharti la msingi ni kwamba mzazi awe alikuwa Mthai wakati mtoto alipozaliwa. Hapa tahadhari inahitajika kwa mama aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya kujifungua, kwa sababu sheria inamtambua mtu wa namna hiyo kuwa anaweza kuupoteza uraia wake wa awali. Hata hivyo, kifungu kilekile cha 5 kinasema kwamba kupotea kwa uraia nako huanza siku ya tangazo la Gazeti, kwa hiyo tarehe ya tangazo hilo, kama lipo, ndiyo inayopaswa kutafutwa kwanza.

Haki ya mama haikuwa hivi siku zote. Kabla ya mwaka 1992 baba Mthai alirithisha uraia popote duniani, ilhali mama Mthai aliyejifungulia ng'ambo alimrithisha mtoto ikiwa tu mtoto hakuwa na baba anayetambuliwa kisheria au baba huyo hakuwa na uraia wowote. Matokeo yake yanashangaza: mwanamke aliyefunga ndoa halali na mgeni alimzalia ng'ambo mtoto asiye Mthai, na yule ambaye hakuolewa alizaa Mthai. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 26 Februari 1992 yaliondoa tofauti hiyo, na yakasema waziwazi kwamba yanawahusu pia waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Mwanasoka Charyl Chappuis alizaliwa Kloten, Uswisi, Januari 1992, na baba Mswisi na mama Mthai, yaani wiki chache kabla ya marekebisho hayo. Mwaka 2009 alikuwa katika kikosi cha Uswisi kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 huko Nigeria. Miaka michache baadaye alikuwa akivaa jezi ya timu ya taifa ya Thailand.

Baba ambaye hakufunga ndoa na mama wa mtoto naye alisubiri hadi mwaka 2008, sheria ilipokubali kwamba baba mzazi aliyethibitishwa kwa utaratibu uliowekwa, ikiwemo kwa vipimo vya vinasaba, anahesabika kuwa baba kwa ajili ya uraia.

Kwa vitendo, safari huanzia ubalozini. Kwa Afrika Mashariki ubalozi huo uko Nairobi. Hupelekwa cheti cha kuzaliwa cha nchi husika kikiwa kimetafsiriwa na kuthibitishwa, pamoja na vitambulisho vya wazazi na cheti cha ndoa kama kipo. Kinachotoka ni cheti cha Kithai chenye mwaka wa Kibudha, ambao uko mbele ya wetu kwa miaka 543, hivyo aliyezaliwa 2020 ataandikwa 2563. Hatua inayofuata hufanyika Thailand kwenyewe, katika ofisi ya wilaya, ambako jina la mtoto huingizwa katika kitabu cha kaya, thabian ban, chenye jalada la buluu, kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Hapo ndipo inapopatikana namba ya tarakimu 13, na kuanzia miaka 7, kitambulisho.

Kuhusu ule umri wa miaka 20, kifungu cha 14 kinamhusu mtu aliyezaliwa na baba mgeni na kuupata uraia wa baba huyo: akitaka kubaki na uraia huo wa kigeni, atangaze nia ya kuukana wa Thailand ndani ya mwaka mmoja baada ya kutimiza miaka 20. Asipotangaza, kifungu hakisemi kwamba uraia wa Thailand unakoma. Anayebanwa zaidi ni mtoto mwenye mzazi Mtanzania, na anayembana ni sheria ya Tanzania, ambayo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili na humtaka achague anapofikisha miaka 18. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimwekei raia wa kuzaliwa sharti hilo.

Wazazi wa mvulana wana jambo moja zaidi la kulipima kabla ya kwenda wilayani. Jina likishaingia katika kitabu cha kaya, jeshi nalo linamhesabu, na mwaka anaotimiza miaka 21 anaweza kuitwa Aprili kuchota kadi mbele ya umati: nyeusi inamwachia huru, nyekundu inampeleka kambini kwa muda unaoweza kufika miaka 2.